Fundi Aliyeacha Kunyoosha

Tuliondoka Ukasi alfajiri, na jua lilikuwa limeshatukuta njiani, mbuzi sitini wakigonga kwato nyuma yetu, wakati Mahad alipoanza kupunguza mwendo bila sababu niliyoiona. Hapakuwa na tuta wala kizuizi cha polisi. Mwingi ilikuwa bado mbele, mji ambao sikuwahi kuufikia. Kando ya lami alisimama mwanamume mwembamba aliyevaa koti la suti, na miguuni pake palikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa turubai la buluu na kukazwa kwa vipande vya mpira wa tairi.

Nilidhani ni maiti.

"Si maiti," Mahad akasema kabla sijauliza. Yeye ni dereva wa mifugo, amezaliwa Garissa, ameipita barabara hii miaka kumi na miwili. "Hiyo ni baiskeli. Na huyo ni fundi Muindi. Leo ana korti."

Lori liliposimama, mwanamume yule hakutusalimu kwanza. Alikwenda nyuma, akawatazama mbuzi, akarudi.

"Mahad, nifungulie hapo pembeni. Tunailaza kwa upande wa kushoto. Wewe mgeni, njoo ushike hapa. Si hapo! Hapo ni ushahidi."

Niliondoa mkono haraka. Tuliinyanyua pamoja, na kupitia turubai nilihisi gurudumu lililokunjwa kama chapati.

"Mzee, na mbuzi zangu zikikojolea ushahidi wako?" Mahad akauliza.

"Zikojoe. Mkojo si kitu. Mkono wa mtu ndio mbaya."

Alipanda kwenye kebini, akaketi kati yetu. Koti lake lilikuwa la mazishi na harusi, limepigwa pasi, lakini mikono yake ilikuwa na grisi kwenye mikunjo, ile ambayo sabuni haiiwezi tena. Mahad alinieleza habari zake kana kwamba mwenyewe hayupo. Muindi hutengeneza baiskeli kwenye kibanda cha mabati mwanzo wa mji. Anatengeneza zote, za maji, za mkaa, za watoto wa shule, isipokuwa iliyogongwa na gari. Hiyo haigusi, na humzuia kila mtu asiiguse. Akisikia mwendesha baiskeli ameuawa, iwe huku Kitui au kule Makueni, anafunga kibanda na kwenda.

"Madereva wanamwita Inspekta," Mahad akasema. "Wengine wanampigia honi, wengine wanamtukana mama yake."

"Wewe uko upande gani?" Muindi akamuuliza.

"Mimi nakubeba bure. Sasa unataka nini tena, nikuimbie?"

Muindi alicheka kidogo. Alikuwa akiitazama saa ya kwenye dashibodi, na nilipomwambia kwamba imesimama, alisema anajua.

Nilikuwa nikielekea Kyuso kuona mavuno ya ndengu, ambazo wengine huziita pojo. Nilishuka naye mahakamani kwa sababu baiskeli ilihitaji watu wawili kuibeba, na Mahad hangeweza kuwaacha mbuzi juani. Sitaitaja mahakama ile, wala kituo cha polisi nitakachokisimulia, kwa kuwa Muindi alinisihi nisivitaje. Bado ana kazi navyo.

Kwenye benchi nje ya chumba cha pili aliketi mama wa miaka kama arobaini, mfuko wa plastiki mapajani. Aliinuka alipotuona.

"Baba Nzuki, umefika nayo?"

"Nimefika nayo, Mama Wavinya."

"Haijaguswa?"

"Na mbuzi tu."

Jina lake ni Mbithe. Mumewe, Mbaluka, aliuza maji: mitungi minne ya lita ishirini kwenye baiskeli moja, ile nyeusi nzito ambayo watu huiita mamba, safari sita kwa siku. Miaka miwili iliyopita, saa moja asubuhi, pikapu ya mkate ilimgonga. Dereva, kijana aitwaye Musyimi, aliwaambia polisi kwamba baiskeli ilikatiza mbele yake ghafla. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja alihamia Mombasa na simu yake ikazimwa. Wa pili alipofika mbele ya hakimu alisema kwamba siku ile alikuwa ameangalia upande mwingine, akichuna pojo zake. Baada ya hapo kesi ilibaki na shahidi mmoja, na shahidi huyo alikuwa ndani ya turubai.

Muindi alifika pale barabarani siku ya ajali kabla ya saa tatu. Aliwakuta majirani wameshaanza kuisogeza baiskeli ili magari yapite, akawapigia kelele mpaka wakaiacha. Baadaye polisi waliichukua na kuitupa uani pamoja na nyingine. Alipokwenda kuitazama wiki iliyofuata, pedeli moja haikuwapo. Baada ya mwezi mmoja, kengele nayo ilikuwa imeondoka. Alimwomba mkuu wa kituo amruhusu kuitunza mwenyewe, akaandikishwa kwenye karatasi, akaifunga kwa turubai. Miaka miwili ililala kibandani kwake, mahali ambapo angeweza kuweka baiskeli tatu za wateja. Kila ilipoitwa mahakamani aliipeleka, na kila kesi ilipoahirishwa aliirudisha. Iliahirishwa mara tisa.

Mwaka jana hakimu mwenyewe alishuka uani mwa mahakama kuitazama. Muindi alifungua turubai, akamwonyesha: gurudumu la nyuma limekunjwa, la mbele zima kabisa. Madigadi ya nyuma ina mchubuko wa rangi nyeupe, rangi ya pikapu. Keria imesukumwa kuelekea kwenye kiti. Baiskeli inayokatiza barabara, alisema, hugongwa ubavuni. Hii iligongwa mgongoni.

"Alinisikiliza," Muindi aliniambia. "Hakuniita mzee-mzee ovyo. Aliniuliza, 'Una hakika hakuna aliyeigusa tangu uichukue?' Nikamwambia, mheshimiwa, hata mimi sijaipangusa vumbi."

Leo ilikuwa hukumu. Ajali saba amewahi kuzifikia tangu aanze kazi hii isiyo na mshahara, na hakuna hata moja iliyokuwa imemfikisha dereva kwenye neno la hatia. Dereva wa Kibwezi hajapatikana hadi leo. Kesi nyingine ilifutwa kwa sababu mashahidi hawakuwa na nauli ya kurudi mara ya nne. Nyingine ilimalizwa kanisani, familia mbili zikashikana mikono mbele ya mchungaji na mjane akabeba mbuzi wawili na blanketi. Hizo nyingine alinitajia bila kuzieleza, akikunja vidole.

"Hii ndiyo iko nzima," alisema. "Hii ikishindwa, basi mimi nimekuwa nikiweka vyuma tu."

Tuliingia. Hakimu alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua, akisoma kwa Kiingereza na kusimama kila baada ya kurasa mbili ili karani atafsiri kwa Kikamba. Mahakama niliyoiona mahali pengi ina desturi hii: anayehukumiwa na anayelilia haki husikia mambo yao mwisho. Mimi nilisikia Kiingereza mara moja. Mbithe na Muindi walisubiri. Hakimu alisema kwamba ushahidi wa kielelezo cha kwanza, ile baiskeli, haukutikiswa, kwamba baiskeli iligongwa kutoka nyuma ikiwa upande wake wa barabara, na kwamba mshtakiwa alisababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Nilijua. Niliwatazama wao wawili ambao hawakujua bado, Mbithe akikunja na kukunjua kona ya mfuko wake.

Kisha karani akasimama, akatafsiri.

Muindi alifumba macho. Midomo yake ilirudia maneno bila sauti, na baadaye aliniambia yalikuwa yapi: imegongwa kutoka nyuma. Mbithe alimgeukia, akamshika kiwiko cha koti.

Wakili wa Musyimi akainuka kuomba huruma. Kijana ni mkosaji wa mara ya kwanza. Ana mke na watoto wawili. Alisimama baada ya ajali, hakukimbia. Ni mwimbaji wa kwaya, na barua ya kanisa hii hapa. Musyimi alikuwa akilia kizimbani, na sikuona sababu ya kufikiri analia uongo. Hakimu alipenga kamasi, akaandika, akasoma. Faini shilingi laki moja na nusu, au kifungo cha miaka miwili. Leseni isitumike kwa miaka mitatu. Kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe.

Nilijua tena kabla yao. Safari hii niliangalia sakafu.

Karani alipofika kwenye neno faini, Mbithe alimuuliza kwa sauti, kwa Kikamba, na karani akarudia. Mbithe aliachia kiwiko cha Muindi, akaketi kabla hajaambiwa.

Familia ya Musyimi ilikuwa imejiandaa. Wajomba wanne walisimama chini ya dirisha la malipo, kila mmoja na simu yake, wakitumiana fedha na kutajiana tarakimu. Haikuchukua saa nzima. Baiskeli ndiyo iliyochelewa. Ili itoke ilihitaji sahihi tatu na muhuri, na mwenye muhuri alikuwa amekwenda kunywa chai. Kwa hiyo dereva alitoka kabla yake, akatukuta bado tumeketi na turubai letu.

Musyimi alisimama mbele ya Mbithe, akanyoosha mkono. Mbithe aliutazama muda mrefu, kisha akaushika, kama mtu anayepokea risiti, akauachia. Kijana akamgeukia Muindi.

"Fundi, umenimaliza. Miaka mitatu bila leseni, nitakula nini?"

"Wewe uko hapa unaongea," Muindi alisema.

"Hata mimi silali."

"Mbaluka analala."

Mjomba mmoja alimvuta kijana kwa bega wakaondoka. Muindi aliinuka, akamfuata mwendesha mashtaka aliyekuwa akielekea kwenye gari lake na faili kifuani.

"Bwana, rufaa ni siku ngapi?"

"Kumi na nne. Lakini rufaa ya nini, mzee? Tumeshinda."

"Hiyo adhabu."

"Adhabu iko ndani ya sheria." Alimtazama Muindi kwa upole wa mtu aliyechoka. "Wengi hawafiki hata hapa. Tuangalie faili, sawa?"

Muindi alirudi polepole. Alianza kukaza ile mipira ya turubai ambayo haikuwa imelegea.

"Siku kumi na nne," alimwambia Mbithe. "Nitaiweka hivyo hivyo. Wakitaka kuiona tena, wataikuta."

"Baba Nzuki, nitengenezee baiskeli."

"Wanaweza kuitaka."

"Nani? Yule ameenda kula lanchi." Alizungumza bila hasira. "Miaka miwili mimi nabeba maji na mgongo. Wavinya anabeba na mgongo, ana miaka kumi na mitatu. Ulinikataza, nikakubali. Nilisema, wacha baiskeli iende iseme kwanza. Sasa imesema. Wamesikia. Wamesema laki moja na nusu, na hata hiyo si yangu, ni ya serikali. Nitengenezee mamba yangu."

"Mama Wavinya."

"Wewe ni fundi ama ni mlinzi wa chuma?"

Alisema ana unga wa kununua na mtu wa kuonana naye sokoni, na kwamba atapita kibandani saa kumi. Aliondoka na mfuko wake. Muindi alibaki ameshika kifundo cha mpira, na kwa muda sikujua kama atainuka.

Kibanda chake kiko mahali ambapo malori ya Garissa huanza kupunguza mwendo kwa ajili ya mji. Bati juu, magunia pembeni, mnyororo wa pedeli kuukuu ukutani. Muhuri ulipopatikana tuliileta baiskeli kwa mkokoteni, tukaiingiza ndani. Alivua koti, akalitundika, akavaa ovaroli. Alifungua turubai na kukaa kwenye kigoda akiitazama, mikono kati ya magoti. Malori matatu yalipita. Mteja mmoja aliyekuja na pancha alitazama uso wake, akasema atarudi kesho.

Ndipo aliponieleza juu ya Nzuki.

Muindi alizaliwa upande wa Kyuso, lakini ufundi aliupata Kiboko, kwenye barabara kuu ya Mombasa, alikokwenda akiwa kijana kutafuta kibarua kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Wafanyakazi wa mashambani walikwenda kazini kwa baiskeli, na yeye akaonekana ana mkono mwepesi wa kuzitengeneza. Alirudi Mwingi na boksi la spana, akaoa, akapata mtoto mmoja wa kiume. Nzuki alikua kibandani. Alipofika miaka ishirini na minne alikuwa akibeba ndengu kutoka Kyuso, gunia moja kwenye keria, kwa baiskeli aliyoundiwa na baba yake kipande kwa kipande.

Lori lilimpiga kwa nyuma. Sasa ni miaka sita.

"Polisi walinipa baiskeli wakasema, 'Tunza, tutaiita.' Hawakusema kitu kingine. Tukazika. Watu wakaenda kwao. Nikabaki na hiyo baiskeli hapo unapokaa." Alielekeza kidole kwenye miguu yangu. "Ilikuwa na damu. Ilikuwa na ndengu ndani ya spoku, zingine zimeanza kuota kwa sababu mvua ilinyesha. Nikajiambia, Muindi, hii kitu itaenda mbele ya hakimu. Utapeleka kitu cha mtoto wako kwa serikali kikiwa hivi? Mimi ukiniambia twende hospitali, ninaoga kwanza. Nikienda kanisani, ninang'arisha viatu. Mama yangu alitupeleka shule na shati moja, lakini ilikuwa imefuliwa."

Kwa hiyo aliiosha. Kisha, kwa kuwa ilikuwa mbele yake imepinda na yeye ni fundi, akainyoosha. Ilimchukua siku nne. Alibadilisha rimu ya nyuma, akanyoosha fremu kwa moto, akaipaka rangi nyeusi mara mbili. Mwisho akaweka rifleketa mpya nyekundu, ile aliyomwambia Nzuki aiweke kila siku na Nzuki asiiweke. Jirani zake walipita wakamsifu. Hakuna hata mmoja, wala mchungaji, wala chifu, aliyemwambia acha. Kila mtu aliona ni heshima kwa marehemu.

Aliiendesha mwenyewe hadi mahakamani.

"Wakili wa dereva alikuwa mtu wa tabasamu. Akaniuliza, 'Mzee, hii ndiyo baiskeli iligongwa na lori ya tani kumi?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Onyesha mahakama ni wapi iligongwa.' Nikaonyesha. 'Hapo kuna nini?' Nikasema, hakuna kitu, nimenyoosha. Watu wakacheka. Hakimu mwenyewe aliinamisha uso. Akaniuliza tena, 'Na hii rifleketa ilikuwako?' Nikasema, hapana, nimeweka mimi. 'Kwa hiyo mtoto wako alikuwa anaendesha bila rifleketa.' Nikasema ilikuwa mchana. Akasema, 'Asante, mzee.' Halafu unajua aliniambia nini akikaa?"

Nilisema sijui.

"'Wewe ni fundi mzuri sana.'"

Dereva aliachiliwa. Ilisemwa kwamba kuna shaka, na faida ya shaka ni ya mshtakiwa. Muindi hakulaumu hukumu hiyo hata siku moja. Alisema kama angekuwa hakimu, naye angeona baiskeli mpya na mzee anayelia.

"Iko wapi sasa?" niliuliza.

"Niliiuzia mtu wa mkaa. Inapita hapa kila Alhamisi." Alifikiri kidogo. "Rimu bado iko sawa. Haijatetemeka hata kidogo."

Akainuka. Sikuona alipoamua. Alichukua spana ya spoku, akaipindua baiskeli ya Mbaluka ikasimama kwa kiti na usukani, kisha kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akaigusa kama fundi. Alifungua nati za gurudumu la nyuma. Zilikuwa zimeshika kutu, na moja ilipolegea ilitoa mlio uliomfanya ageuze uso. Alikata spoku zilizovunjika, akafunga pedeli nyingine badala ya ile iliyopotea. Rimu haikufaa tena, akashusha nyingine iliyotumika kutoka kwenye msumari. Madigadi yenye ile rangi nyeupe aliigonga kutoka ndani kwa nyundo ya mpira, polepole, na magamba ya rangi yakadondoka juu ya gunia. Aliyaokota moja moja, akayatia kwenye kopo la viraka.

Nimewaona mafundi wengi katika nchi nyingi. Wa magurudumu ndio wapole kuliko wote, kwa sababu gurudumu halilazimishwi. Unakaza spoku moja robo mzunguko, unalegeza jirani yake, unalizungusha, unaweka kidole karibu na rimu na kusubiri ligusane nacho. Muindi alifanya hivyo kwa saa nzima. Kila gurudumu lilipozunguka, mahali pale lilipokuwa likiyumba palipungua, na kila palipopungua uso wake ulizidi kuwa mgumu.

"Sasa hakuna mtu atajua," alisema mara moja tu.

Simu yake ililia saa tisa. Aliiweka kwenye kipaza sauti ili mikono iendelee na kazi.

"Muindi? Ni Kanini wa Kiboko." Mwanamke huyo huuza nyanya kando ya barabara kuu, na wanafahamiana tangu siku za kituo cha utafiti. Nyuma ya sauti yake magari makubwa yalikuwa yakipita. "Kuna mtu amegongwa hapa leo asubuhi. Alikuwa amebeba nyanya, kreti mbili. Amekufa."

"Gari?"

"Iko. Dereva amepelekwa kituoni. Baiskeli polisi wamewapa ndugu zake."

Spana ilisimama. "Wako wapi na baiskeli?"

"Hapa kwa bomba. Wanaiosha."

Muindi aliinuka kwa nguvu hata kigoda kikaanguka. "Waambie waache! Kanini, nenda, funga maji!"

"Wamekasirika, Muindi. Wanasema inatisha watoto. Imejaa, hata haijulikani ni damu ama ni nyanya."

"Iwe hivyo hivyo! Wasijue! Waambie korti ndiyo itajua! Waambie kuna mzee anakuja, mwambie huyo mkubwa wao mimi nilikuwa na kijana, mimi niliosha yangu." Aliinamia simu. "Ile ya mtoto wangu niliosha, Kanini. Funga maji."

Tulisikia viatu vyake vikipiga changarawe, sauti za wanaume, kisha neno la Kikamba alilolipiga kwa ukali, kisha maji. Kisha maji yakakoma. Sikuweza kujua kama yamefungwa au wamemaliza. Simu ikakatika.

Muindi alivua ovaroli na kuvaa koti. Alilikunja turubai, lililokuwa bado linanuka mbuzi, akalifunga kwa mipira yake yenyewe. Kutoka Mwingi hadi Kiboko ni Kitui kwanza, kisha Mutomo, kisha Kibwezi, na akibahatika angefika asubuhi.

"Pengine wamemaliza kuosha," nilisema.

"Pengine."

Alitazama gurudumu. Lilikuwa limenyooka. Alilisukuma kwa kidole, likazunguka bila sauti, akalisimamisha kwa kiganja.

"Mama Wavinya akikuja, mwambie nati nimekaza. Cheni nimetia mafuta. Breki ya nyuma bado haishiki vizuri, sina kipande chake. Asipande na mitungi kwa lami mpaka nirudi. Apite njia ya mchanga. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Usisahau hiyo ya lami."

Alitoka akasimama kando ya barabara, turubai kwapani, mkono umenyooshwa. Lori la kwanza lilimpigia honi na kupita. La pili, lililobeba mchanga, lilipunguza mwendo, na mtu juu yake akamvuta kwa mkono kabla halijasimama sawasawa. Aliketi juu ya mchanga akiitazama barabara iliyo mbele, koti lake limefungwa vifungo vyote.

Nilikiinua kigoda kilichoanguka, nikaketi karibu na baiskeli ya Mbaluka kumsubiri Mbithe. Ilikuwa saa tisa na nusu.